Kwa Nini Filamu za Kutisha Hazinitishi Tena? Maswali ya Wasomaji na Majibu

Baada ya safu hii kugusia filamu za kutisha katika toleo lililopita, barua zimetufikia nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zimetoka kwa watu waliozizoea filamu hizo kwa miaka mingi. Tumechagua tano.

Ndugu mwandishi wa safu, salaam. Nilianza kutazama filamu za kutisha nikiwa darasa la sita, na sasa nina miaka 43. Zamani nilikuwa silali. Siku hizi nazitazama huku nikitafuna karanga, na ninamwambia mke wangu mapema: "Sasa atafungua kabati la bafuni, hamna kitu, akilifunga utaliona zimwi kwenye kioo." Na kweli huwa hivyo. Mke wangu ameniomba nisitazame naye tena. Je, ni mimi niliyezeeka, au ni filamu zilizochuja? Na kuna kitu kinachoweza kumtisha mtu wa aina yangu? Msomaji, Morogoro.

Ndugu msomaji, hujazeeka, na mkeo ana haki yake. Kabla sijakujibu, niruhusu nitenganishe mambo matatu ambayo lugha yetu imekwisha kuyatenganisha, ingawa matangazo ya filamu huyaita yote kwa jina moja la kutisha. Kuna kushtuka, kuna kuona kinyaa, na kuna kuogopa. Kushtuka ni jambo la mwili: sauti ikipasuka ghafla, macho hufumba, shingo hukaza na mabega hupanda kabla akili haijapata habari, na kila sauti hiyo inaporudiwa mruko wenyewe hupungua. Kinyaa ni jambo la tumbo. Kuogopa ni pale akili inapojitahidi kujua kitakachotokea ikashindwa, na hicho ndicho unachokikosa, kwa sababu katika miaka 30 ya kutazama umeshajua mengi mno.

Ulichojifunza, pengine bila kukusudia, ni hesabu. Muziki unaponyamaza, na kamera ikausogelea uso wa mtu kiasi kwamba nyuma ya bega lake pakabaki nafasi tupu, mtazamaji mgeni huutazama uso, lakini wewe unaitazama ile nafasi na kuanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Hila yenyewe ni ya siku nyingi. Katika filamu ya Cat People ya mwaka 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani, na nyuma yake vinasikika visigino vya mwanamke mwingine vikigonga barabara. Taa ziko mbalimbali, hivyo anaingia kwenye mwanga, anamezwa na giza, anatokea tena. Ghafla vile visigino vya nyuma vinakoma. Anageuka, hamwoni mtu. Anaharakisha, nusura akimbie, na wakati tunapongoja chui mweusi amrukie, inasikika sauti kali inayofanana na mngurumo: ni breki za basi la abiria lililosimama mbele yake. Mpaka leo mafundi wa filamu huiita hila hiyo "basi la Lewton". Paka wote wanaoruka kutoka kabatini, na marafiki wote wanaomshika mtu bega kwa nyuma bila kubisha hodi, ni wajukuu wa basi lile, nawe umeshakutana na ukoo mzima.

Mwongozaji mwenye akili anajua kwamba upo, kwa hiyo anakuachia hesabu yako itimie, kisha anaendelea. Mfano bora ninaoufahamu umo katika The Exorcist III, filamu ya mwaka 1990 iliyoandikwa na kuongozwa na William Peter Blatty. Kamera imesimamishwa mwisho mmoja wa korido ndefu ya hospitali, usiku, na haisogei. Kule mbali yupo muuguzi kwenye dawati lake. Anasikia kitu. Anaingia katika chumba kilikotoka sauti, tunaingia naye, na mgonjwa aliyelala anainuka ghafla akimfokea kwa kumwamsha. Tunashtuka, tunacheka. Mtazamaji mwenye uzoefu wako hufunga daftari hapo: basi la Lewton limekwisha pita. Lakini tukio halibadiliki. Tunarudishwa pale pale mwisho wa korido, na kamera inakaa. Muuguzi anarudi dawatini. Anainuka tena, anakwenda kukagua chumba kingine, anatoka, anaufunga mlango. Kila sekunde inayopita bila picha kukatwa inakuambia kwamba kuna deni ambalo bado halijalipwa, na wewe huna tena hesabu ya kukusaidia kwa kuwa umeshaitumia. Kinachofuata, yaani umbo lililojifunika nguo nyeupe likimtokea nyuma na mkasi mkubwa wa chuma, huchukua muda mfupi sana na hakionyeshi hata jeraha moja.

Mwongozaji wa Kijapani Kiyoshi Kurosawa, ambaye hana undugu na yule mwongozaji Akira Kurosawa aliyetangulia kwa umaarufu, alikwenda mbali zaidi katika filamu ya Kairo ya mwaka 2001. Mwanamume yumo chumbani, na kutoka upande wa pili mwanamke anamjia kwa hatua za polepole. Hamrukii, hapigi kelele, wala hatoweki ili atokee karibu zaidi kama wafanyavyo mizimu wa filamu nyingine. Katikati ya mwendo goti lake linalegea, mwili unayumba na kuinama kwa namna ambayo mtu mwenye uzito angeanguka, kisha anajinyoosha na kuendelea kuja. Basi. Hakuna nafasi tupu ya kuichungulia, kwa sababu kila kitu kiko mbele yako, na bado huwezi kusema unachokitazama ni nini. Mimi nimeitazama filamu hiyo mara nne, ninaijua hatua itakayolegea, na kuijua hakujanisaidia.

Ushauri wangu ni kwamba uitazame hiyo peke yako, karanga uziache jikoni na simu uiache chumba kingine. Na usitabiri kwa sauti. Mtu anayesema "sasa linatokea" anajipa nafasi ya kujiandaa, na ninashuku kwamba hizo tabiri zinazomuudhi mkeo ni dalili kuwa woga wako haujafa kama unavyodhani.

Mwandishi mpendwa, mimi ni mama mtu mzima, nakaa Tanga. Wanangu hunicheka kwa sababu filamu za Wazungu zenye padri, msalaba na msichana anayetapika hazinitoi usingizini, bali nikisikia hadithi ya jini hata ikisimuliwa vibaya siwezi kwenda uani usiku. Je, mtu anaweza kutishwa na filamu ya imani isiyo yake?

Shikamoo Bi Mkubwa. Anaweza kushtushwa, lakini kuogopa kwenyewe huhitaji mlango uliokwisha kuwamo ndani ya mtu. Filamu ya The Exorcist ilipotoka Marekani mwaka 1973, wapo watazamaji waliozimia ndani ya majumba ya sinema, na wengi miongoni mwa waliokuwemo walikuwa wamemsikia Shetani akitajwa kanisani tangu utotoni. Filamu haikuwafundisha kumwogopa. Ilimleta chumba cha kulala. Wewe ulifundishwa mengine, kwa sauti ya bibi yako, taa ikiwa imepunguzwa. Sina haja ya kukukumbusha mwaka 1995, habari za lile pepo liitwalo Popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, jinsi watu wazima wenye akili zao timamu walivyolala nje kwa makundi kuuzunguka moto, na hapakuwa na filamu yoyote iliyowatisha.

Kwa hiyo ninakupendekezea moja iliyotengenezwa kana kwamba kwa ajili yako. Inaitwa Under the Shadow, ni ya mwaka 2016, imeongozwa na Babak Anvari, na watu wake wanazungumza Kiajemi. Ni Tehran, vita vya Iran na Iraq vinakaribia ukingoni, na makombora yanaanguka mjini. Mama aliyenyimwa ruhusa ya kuendelea na masomo ya udaktari amebaki peke yake na binti yake mdogo, kwa sababu mumewe amepelekwa vitani. Kombora linatoboa paa la jengo lao bila kulipuka, dari ya nyumba yao inapata ufa, na mwanasesere wa mtoto anapotea. Kisha wanaanza kuambiwa kwamba majini husafiri na upepo, na kwamba jini likichukua kitu unachokipenda litakufuata popote uendapo. Sisi wenye lugha ambayo pepo na upepo ni ndugu wa damu hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Kuna jambo moja katika filamu hiyo ambalo ningependa na wale mabingwa wa kutabiri walisome. Mtazamaji mzoefu hujiokoa kwa swali: mbona hawahami? Nyumba ina mizimu, mlango uko wazi, gari lipo nje, mbona hawahami? Pale anapoliuliza, hofu humtoka na nafasi yake huchukuliwa na dharau. Anvari ameliziba swali hilo kabisa. Usiku mmoja mama anamkumbatia mtoto na kukimbia hadi barabarani, akiwa kichwa wazi kwa kiwewe. Askari wanamkamata kwa kutojifunika, anakaripiwa, na anarudishwa nyumbani, yaani kule kule alikokuwa anakimbia. Na jini, likija kujidhihirisha, lina umbo la kitambaa kikubwa cha kujifunikia kisicho na mtu ndani. Ukiitazama, Bi Mkubwa, tazama mchana, na umwombe mmoja wa hao wanaokucheka akae karibu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko Eldoret. Nimegundua kwamba nikizima sauti, filamu yoyote ya kutisha inakuwa kama tangazo la samani. Ina maana tunachokiogopa ni kelele tu?

Ndugu mwanafunzi, umegundua nusu. Jicho ukilifumba linatii, na wengi wetu hutazama filamu hizi kupitia katikati ya vidole, ila sikio halina pazia. Tena sikio husikia yaliyo nyuma na pembeni, mahali ambapo jicho halifiki, na kwa hiyo ndilo mlinzi wetu wa zamani zaidi. Katika The Shining ya mwaka 1980 kuna mtoto anayeendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwenye korido za hoteli tupu, na kamera inamfuata kwa nyuma ikiwa chini kabisa. Magurudumu yakiwa juu ya mbao yananguruma, yakipanda zulia yananyamaza, mbao tena, yananguruma, zulia, kimya. Hakuna kinachotokea kwa muda mrefu. Lakini mwili wako umeshaanza kufuata mapigo hayo, na kila kona inapokatwa unajikuta umezuia pumzi bila kujua ni kwa sababu gani.

Nusu uliyoikosa ni kwamba kelele haifanyi kazi peke yake. Mtu aliyetulia akisikia mlango umebamizwa hushtuka kidogo, na mtu ambaye tayari ana wasiwasi akisikia mlango ule ule hushtuka zaidi. Hivyo mafundi wazuri hutumia dakika tano kukuandaa kwa ajili ya nusu sekunde, na mafundi wavivu huiruka hiyo kazi na kuongeza sauti ya spika. Mwongozaji Alfred Hitchcock alizijua njia zote mbili. Katika Psycho ya mwaka 1960 alitaka tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki, akabadili mawazo baada ya kusikia fidla alizoziandika Bernard Herrmann, zile zinazopiga kelele kama ndege. Miaka mitatu baadaye, katika The Birds, aliuondoa kabisa muziki wa kawaida na kuacha sauti za ndege, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa mtambo wa umeme.

Humo mna tukio ninalolipenda kuliko mauaji yote ya bafuni. Mwanamke ameketi kwenye benchi nje ya shule akivuta sigara, watoto wanaimba darasani, na nyuma yake pana chuma cha kuchezea watoto. Kunguru mmoja anatua. Mwanamke haoni. Wanatua wengine. Kisha tunamtazama yeye tu, anavuta, anapuliza, wimbo unaendelea, unaendelea tena, na hatuonyeshwi kule nyuma. Mwishowe anamwona kunguru mmoja angani, anamfuata kwa macho, anageuka, na chuma chote kimejaa kunguru. Msomaji wa Dar es Salaam anayegombania kitoweo na ndege hao kila asubuhi hatahitaji maelezo zaidi. Ukilitazama tukio hilo bila sauti litakufa, kama ulivyogundua, lakini kilichouawa hapo si kelele; ni ule wimbo wa watoto usiokwisha.

Hiyo ndiyo taharuki, ambayo Hitchcock aliieleza kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza: likilipuka bila habari, watazamaji wanapata mshtuko wa sekunde 15, wakijulishwa mapema kwamba lipo, wanapata taharuki ya dakika 15. Nilipokuwa kijana tulitazama filamu katika banda la video lenye mabenchi ya mbao, na pembeni alikaa mfasiri mwenye kipaza sauti aliyekuwa ameshaziona zote. "Dada yangu, usiende huko," alikuwa akisema dakika nzima kabla, na banda zima lilianza kumsihi yule dada kwa Kiswahili. Wapo waliomlaumu kwamba anaharibu filamu. Mimi nilitoka jasho zaidi humo kuliko popote nilipowahi kuketi baadaye.

Damu nyingi inasaidia? Mimi naona kadiri inavyomwagika ndivyo ninavyopiga miayo. Msomaji, Kigali.

Haisaidii, na unapiga miayo kwa haki. The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, ambayo watu wengi huapa kwamba imejaa damu, huonyesha damu kidogo sana. Pale msichana anapotundikwa kwenye ndoano ya nyama, kamera haionyeshi ndoano ikiingia mwilini. Yaliyobaki watazamaji huyajaza wenyewe, na kila mtu hujaza kwa kipimo chake.

Ndugu mwandishi, ninafanya kazi ya ulinzi zamu ya usiku katika jengo la ofisi nchini Qatar. Filamu za mapanga na mazimwi nazitazama kama katuni. Ila ile ya Wamarekani wawili wanaojirekodi chumbani usingizini ilinifanya niombe kubadilishiwa zamu, na wenzangu ambao si walinzi wanasema inachosha, haina kitu. Nina kasoro gani? Tena kwenye skrini zetu za kamera za ulinzi kuna mlango wa ghorofa ya nne ambao hujifungua wenyewe kila saa nane usiku.

Ndugu mlinzi, huna kasoro. Filamu hiyo imetengenezwa ikuajiri. Inaitwa Paranormal Activity, ilirekodiwa na Oren Peli nyumbani kwake mwenyewe kule San Diego kwa takriban dola 15,000, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Usiku kamera huwekwa kwenye stendi, haisogezwi na mtu, na saa inaonekana pembeni mwa picha. Filamu za kawaida hukuelekeza pa kutazama: mwanga uko hapa, uso uko hapa, tazama hapa. Hii inakupa kitanda, mlango ulio wazi na giza la nje ya mlango, kisha inakaa kimya, na kazi yote ya kutafuta inakuwa yako. Mlango unasogea kiasi cha upana wa kiganja. Hufahamu kama umesogea au ni macho yako. Usiku mwingine mwanamke anaamka, anasimama kando ya kitanda akimtazama mwenzake aliyelala, na saa ya pembeni inaanza kukimbia: amesimama hivyo kwa saa nzima na zaidi. Asiye mlinzi huona mtu amesimama. Wewe, unayelipwa kwa kutazama picha zisizobadilika, unajua hasa uzito wa dakika 60 zilizopita bila mtu kugeuka.

Na usidhani ni ubunifu wa enzi ya kamera za mkononi. The Innocents ya mwaka 1961 ina mwanamke mwenye nguo nyeusi anayeonekana kwenye majani marefu ng'ambo ya ziwa, mchana kweupe, mbali, akiwa wima bila kutikisika. Hafanyi lolote. Ziwa lipo, mwanga upo, umbali upo, na mtazamaji mzoefu aliyejiandalia giza na pembe za chumba anakuta maandalizi yake hayana kazi. Kwa mtu wa zamu ya usiku ningependekeza hiyo kwanza, kwa kuwa angalau inatisha mahali ambapo hufanyi kazi.

Kuhusu ule mlango wa ghorofa ya nne, kinachojirudia kwa saa ile ile kila usiku mara nyingi ni kiyoyozi kinachowashwa na mtambo wake, kikabadilisha msukumo wa hewa na kuusukuma mlango usiofunga vizuri. Mwambie fundi wa jengo akautazame. Ila aende mchana, na wewe usikubali kumsindikiza baada ya kuitazama tena filamu hiyo.